Mpaka wa Bomba Uheshimiwe

Moto wa mafuta ukishazimwa na marehemu wakazikwa, hakosi mtu wa kusema kwamba ajali haina kinga. Kauli hiyo huwaliwaza wafiwa, lakini huwapa nafuu wasioistahili pia: waliogawa viwanja pasipofaa, na waliotia sahihi vibali huku wamefumba macho.

Itazamwe Sinai, mtaa wa mabanda katika eneo la viwanda la Nairobi. Asubuhi ya Jumatatu, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la Kampuni ya Mabomba ya Kenya, ikaingia mtaroni na kuteremka hadi kwenye nyumba za mabati. Watu wakatoka na ndoo, mabeseni na madumu kukinga riziki iliyojileta mlangoni. Moto ulipolipuka, ulifuata mtaro hadi mtoni, na waliojitupa majini wakaukuta huko huko. Walikufa watu wapatao 100.

Ni rahisi kumlaumu aliyechota. Wa Msamvu, Morogoro, nao walilaumiwa Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua zaidi ya watu 100. Lawama hiyo ina haki yake: dumu la petroli halilingani na roho ya mtu, na kila mzazi amwambie mwanawe hivyo waziwazi.

Lakini Embakasi alichota nani?

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka kwenye kituo cha gesi katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, wakati wengi wamo majumbani mwao. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilikwisha kukataa mara tatu, mwaka 2023, kukipa kituo hicho kibali cha ujenzi, kwa kuwa kilibanana na makazi ya watu. Mamlaka ya mazingira nayo ilikuwa imekipa leseni, ambayo baada ya maafa ilibainika kutolewa kinyume cha utaratibu. Ofisi moja ilikataa, nyingine ikaruhusu, na majirani wakabaki hatarini.

Ulaya nayo ilifunzwa na machungu. Mwaka 1976 kiwanda cha kemikali karibu na Seveso, Italia, kilitoa wingu la sumu ya dioksini lililoangukia makazi. Sheria ya 1982, inayojulikana kwa jina la mji huo, ikawalazimu wenye viwanda kutaja hatari zao na majirani waelezwe la kufanya. Ile ya 1996 ikadai pia umbali kati ya viwanda na nyumba.

Afrika Mashariki sasa ina bomba jingine refu la mafuta la kulinda: kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Halmashauri linamopita zisingoje. Mkuza wa bomba uwekewe alama zinazosomeka, na anayeuza kiwanja ndani yake ashtakiwe, hata akiwa diwani. Anayehamishwa alipwe kwanza, aonyeshwe na pa kwenda. Kila mwenyekiti wa kijiji awe na namba ya simu ya wanaoongoza bomba, ijaribiwe usiku wa manane, na ijulikane mapema ni nani atakayefunga vali na watu watakimbilia upande gani.