CHAFYA ZISIZO NA SABABU: TUANZE KUITAFUTA KAZINI



Huenda wengine wenu mtacheka mkiona chama kinatumia karatasi na wino kuandika habari za chafya. Chekeni, kisha someni. Wanachama wametuletea shauri hili kutoka Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, na maneno yao yafanana sana. Mtu hushikwa ghafla, hupiga chafya kumi, kumi na tano, hata ishirini mfululizo. Machozi yamtoka, pua yachuruzika maji meupe, koo na macho vyamwasha. Kisha hutulia, mpaka zije tena. Homa hana. Amekwenda zahanati, akapewa vidonge, akapata nafuu siku mbili tatu, kisha yaleyale. Akiulizwa sababu, hujibu ni baridi ya mlima.

Baridi ya mlima twaijua, hasa mwezi wa 7 ukungu unaposhuka na jua lisionekane juma zima. Ni kweli hewa baridi peke yake yaweza kuchokoza pua za watu wengine, kama vile moshi wa jiko, harufu kali au pilipili. Wako hata wanaopiga chafya kwa kutoka tu gizani kuingia juani, na jambo hilo hurithiwa katika ukoo. Wazee wetu wa ugoro nao hujitafutia chafya kwa fedha yao wenyewe, hao hatuwasemi. Lakini baridi imekuwa kichaka ambamo vitu vingi vimejificha, na kitu cha kwanza tunachotaka kukitoa humo ni vumbi la kazi.

Tazameni kazi zetu. Tangu kiwanda cha Ragati kilipofunguliwa mwaka wa 1957 kwa chai ya wakulima wadogo, viwanda vya chai vimeenea chini ya msitu wote huu. Aliyeingia chumba cha kuchekecha chai kavu ajua yale manyoya mepesi yanayoelea hewani na kukaa juu ya nyusi. Huko Ceylon, daktari C. G. Uragoda aliandika mwaka wa 1970 juu ya pumu ya watu wa viwanda vya chai, watu waliovuta vumbi hilo hilo. Katika vinu vya kahawa, vumbi la kahawa mbichi na la maganda yake limejulikana kwa miaka mingi kuwa huwasha pua na kifua. Gunia nalo lisisahauliwe: gunia lililowahi kubeba mbarika hubaki na vumbi kali mno, na limewaumiza watu wa kahawa katika nchi nyingi. Katika kinu cha posho mna unga, na pia vidudu vidogo vya nafaka iliyokaa ghalani. Waoka mikate wana unga wa ngano, ambao ni adui wa zamani kabisa wa pua. Na ndugu zetu wa mbao wana vumbi la saipresi na mtarakwa. Hilo la mbao si jambo la chafya tu: mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua.

Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu mwaka wa 1700 juu ya magonjwa ya watu wa kazi. Humo aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja wanapomtazama mgonjwa: kazi yako ni gani? Imepita miaka zaidi ya 300. Mwanachama wetu akienda kutibiwa huulizwa jina, umri, kata na namba ya simu. La kazi mara nyingi haliulizwi. Basi asiyeulizwa na ajisemee mwenyewe: "Mimi nachekecha chai," au "Mimi napakia magunia ya kahawa." Maneno hayo machache yaweza kumfaa kuliko pakiti tatu za vidonge.

Sasa, twajuaje kama ni kazi? Hapa hatutaki mtu aropoke. Nunueni daftari ndogo. Kila siku kwa muda wa mwezi mmoja andika chafya zilikuja saa ngapi, ulikuwa wapi, ulishika nini, hewa ilikuwaje, ulilala wapi. Andika pia siku ambazo hazikuja, maana hizo husema mengi. Zikikujia siku za kazi, zikapungua Jumapili, zikakoma ukienda likizo, kisha zikarudi ulipoirudia mashine, hapo kazi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Angalia pia kwamba huweza kuja jioni ukiwa umeshafika nyumbani. Wala usikubali nyapara akikwambia, "Mbona umefanya kazi hii miaka mitatu bila kuugua?" Mzio, au aleji kama wasemavyo zahanati, hauji siku ya kwanza. Mwili huzoezwa kukichukia kitu polepole, pengine miezi, pengine miaka, kisha siku moja huanza kukikataa.

Daftari yaweza pia kusema kwamba kosa si la kazi. Zikija alfajiri kitandani hata siku za likizo, tazama godoro na blanketi. Mwaka wa 1964 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kuna kidudu jamii ya utitiri, kisichoonekana kwa macho, kinachoishi katika vumbi la nyumba na kuleta mzio. Kinapenda unyevu, na vyumba vyetu vya kupanga, dirisha moja lililofungwa na ukuta wenye ukungu, ni makao yake mazuri. Maji ya moto sana kwa shuka na blanketi husaidia. Zikija kwa majira, nyasi zinapotoa maua baada ya mvua, au saipresi za ua zinapomwaga chavua, huenda ni hiyo; jamaa za saipresi zajulikana sana kwa uchokozi huo katika nchi za Mediterania. Na wengine wataandika daftari nzima wasipate kitu. Hao si waongo wala si wavivu. Pua nyingine huchokozeka bila mzio wowote, na daktari anaweza kuwatibu vilevile.

Juu ya vidonge tuna neno kali kidogo. Piriton inapatikana kila duka, na watu wanaimeza kama peremende. Dawa hiyo huleta usingizi. Mtu aimeze asubuhi kisha asimame mbele ya msumeno wa mviringo, au aendeshe lori la majani ya chai kwenye mteremko wenye matope? Ziko dawa za mzio zisizosinziza hivyo, na ziko za kupuliza puani, muulizeni daktari. Lakini hata dawa nzuri ikimtuliza mtu huku vumbi likiendelea kumwingia, imemfaa tajiri kuliko mgonjwa. Pua iliyochokozwa na vumbi la kazi mara nyingi hutangulia tu. Pumu hufuata nyuma yake, na pumu ya kazi ikichelewa kushughulikiwa yaweza kumkalia mtu hata baada ya kuacha kazi.

Jambo jingine lililotuudhi ni fedheha. Tangu korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, mtu akipiga chafya tatu ndani ya matatu abiria humkimbia. Twaelewa hofu hiyo. Lakini tumesikia mhudumu wa hoteli aliyerudishwa nyumbani bila mshahara kwa ajili ya chafya tu, na mwanamke wa kinu aliyehamishwa kwa sababu wanunuzi walinong'ona kwamba ana kifua kikuu. Hakuna aliyempima. Kupima ni haki yake, na kumpima ni kinga kwa wengine pia. Kunong'ona si kipimo.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri achukue kila hatua iwezekanayo kuwalinda watu na vumbi. Yataka pia kuwe na kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, na yakataza mtu kufukuzwa kwa kulalamika juu ya hatari. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo nayo yatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa hiyo tusiombe kitambaa cha kufunga mdomo. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba. Tudai feni ya kulivuta vumbi pale linapotoka, kufagia kwa maji badala ya kufagia pakavu, kukomesha kupuliza mashine kwa hewa ya kompresa, na barakoa za kweli kwa kazi iliyobaki.

Wawakilishi wa chama watakusanya habari za madaftari kabla ya mkutano wa matawi. Asiyejua kuandika amwone karani wetu siku ya Jumamosi asubuhi, naye atamwandikia. Jina la mtu halitasomwa mbele ya tajiri bila ruhusa yake.