Kabla ya kukopa mashine ya kudarizi, nunua kwanza kitambaa cha chini

Kila baada ya mavuno, fedha za mahindi na alizeti zikishaingia mkononi, maswali ninayopata hubadilika. Hayahusu tena mbolea wala viwavi. Vikundi vya akina mama na vijana wanauliza: "Afisa, tukikopa mashine ya kudarizi ya kompyuta, italipa?" Wameona shule zinahitaji nembo kwenye sweta, kwaya zinataka sare zenye jina, na mashuka yaliyodariziwa hayakosi wateja msimu wa harusi. Soko lipo kweli. Hata hivyo jibu langu ni lile lile: usikope bado.

Sina ugomvi na mashine. Shida ni kwamba kazi nyingi zinazorudishwa na wateja hazikuharibiwa na mashine duni. Nembo imejikunja baada ya kufuliwa, rangi nyekundu imepauka, uzi umefumuka. Makosa haya matatu yanatokana na kitambaa, uzi na sindano. Fundi asiyeyamudu kwenye cherehani ya kukanyaga atayafanya kwenye mashine ya kompyuta pia, na atayafanya kwa kasi zaidi.

Kitambaa cha chini ndicho msingi

Kudarizi ni kupiga maelfu ya mishono mahali padogo. Kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Kisipokuwa na kitu cha kukishikilia, lazima kikunjamane. Kwa hiyo chini yake huwekwa kitambaa kigumu, jamii ya kile kinachowekwa ndani ya kola. Mafundi wengi wanakiruka ili kuokoa fedha, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Kanuni ni fupi. Nguo inayovutika, kama sweta na fulana, inataka kitambaa cha chini kinachobaki: ukimaliza unapunguza kingo kwa mkasi, kilicho chini ya nembo unakiacha humo humo maisha yote ya nguo. Nguo isiyovutika, kama kaki, jinzi au shuka la pamba, inaweza kutumia kile kinachochanika, ukakitoa baada ya kazi. Usiweke kinachochanika chini ya sweta. Siku ya kwanza itapendeza, lakini ikifuliwa mara ya tatu nembo itakuwa imejikunja kama jani la mhindi wakati wa jua kali.

Kwa kujifunzia kwenye kaki au shuka, karatasi ya kaki inafaa kuwekwa chini kisha ikachanwa. Usitumie gazeti, wino wake unachafua nguo. Kumbuka pia kwamba karatasi inafanya sindano iwe butu mapema.

Kitambaa cha pamba ambacho hakijawahi kufuliwa, kama marekani, kifue na kukipiga pasi kabla ya kudarizi. Pamba hurudi, uzi wa poliesta haurudi. Ukidarizi kwanza, kitambaa kitasinyaa kuzunguka maua yako.

Kubana fremu

Kitambaa kwenye fremu kikazwe hadi ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma ndogo. Lakini sweta na fulana usizivute. Ukizivuta zikiwa kwenye fremu, ukizitoa zinarudi mahali pake na nembo inakunjamana hapo hapo. Fremu ya mbao ikiteleza, zungushia pete ya ndani utepe wa pamba, itashika vizuri.

Anayetumia cherehani ya kukanyaga ageuze fremu tofauti na ilivyo kwa kudarizi kwa mkono, ili kitambaa kilale bapa juu ya meza ya mashine. Ondoa mguu, shusha meno, na kama meno hayashuki weka urefu wa mshono sifuri. Kisha, na hili husahaulika sana, shusha kile kishikizo cha mguu ingawa mguu haupo. Bila kukishusha, uzi wa juu hauna mkazo, na chini utapata fundo la nyuzi kama kiota cha ndege.

Uzi na sindano

Uzi wa kawaida wa kudarizi kwa mashine ni namba 40. Namba 60 ni mwembamba zaidi, unafaa herufi ndogo. Dukani utaonyeshwa reyoni na poliesta. Reyoni inang'aa vizuri, lakini hudhoofika ikilowa na haistahimili jiki. Poliesta inastahimili zaidi maji, jua na jiki. Kwa hiyo sare ya shule, inayosuguliwa na kuanikwa juani kila wiki, ipewe poliesta bila kujadiliana. Reyoni iachie mito ya sebuleni na nguo za sherehe. Pasi ya moto mkali nayo huharibu poliesta, basi piga pasi upande wa nyuma kwa moto wa kadiri.

Kwenye bobini weka uzi mwembamba kuliko wa juu. Kisha geuza kazi uitazame kwa nyuma. Kwenye mshono mnene wa herufi, uzi wa bobini uonekane katikati, kama theluthi moja, na uzi wa juu ukionekana pande zote mbili. Uzi wa bobini ukitokeza juu, mkazo wa juu umezidi, legeza.

Sindano namba 11 inatosha kwa kazi nyingi, namba 14 kwa kaki nzito na jinzi. Kwa sweta na fulana omba yenye ncha ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi bila kuzikata. Badilisha sindano baada ya takribani saa 8 za kushona, hata kama haijavunjika. Sindano ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi hii, na sindano butu huharibu vitu vya bei kubwa.

Anza na nembo za kubandika

Hili ndilo ninalolisisitiza kwa vikundi vya vijijini. Badala ya kudarizi moja kwa moja kwenye sweta la mteja, darizi nembo kwenye kaki iliyowekewa kitambaa cha chini, ikate, zungushia ukingo mshono wa zigizaga uliobanana, kisha ishone kwenye sweta. Ukikosea, umepoteza kipande cha kaki na si sweta la mtoto wa mtu. Unaweza kutengeneza akiba shule zikiwa zimefungwa. Na sweta likichakaa, mzazi anaihamishia nembo kwenye sweta jipya. Kwa mzazi wa kijijini, hiyo ni sababu tosha ya kukuchagua wewe.

Lakini mteja anataka bei rahisi

Najua wapo watakaosema vifaa hivi vinapandisha bei. Vinapandisha kidogo. Tuseme nembo ina mishono 8,000 na mashine inapiga mishono 600 kwa dakika. Hizo ni dakika 13 na kidogo. Ongeza kubana fremu na kubadilisha rangi, zinafika 20. Sweta 200 ni saa 67 hivi, yaani zaidi ya siku 8 za kazi ya saa 8, umeme usipokatika. Gharama kubwa hapo ni muda wako. Shule ikikurudishia hata robo ya mzigo, umepoteza siku mbili pamoja na sweta ulizolipa, na mwakani oda itakwenda mjini.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ni jambo jema, lakini hata mkopo usio na riba hurudishwa, na marejesho hayasubiri fundi ajifunze.

Basi fanyeni hivi. Darizini sampuli tano kwa cherehani mliyo nayo. Zifueni mara tatu kwa sabuni ya kawaida, zianikeni juani, zipigeni pasi. Zikibaki bapa na rangi yake, zipelekeni kwa mwalimu mkuu na kwa kiongozi wa kwaya. Mkipata oda ambazo cherehani hiyo inashindwa kuzimaliza kwa wakati, njooni na daftari la oda tuandike andiko la mkopo. Hapo mashine italipa, kwa sababu itakuta kazi inaisubiri.