Daftari la Wiki: Taa za Dagaa Chini ya Mafaili

Jumatatu, Nyasho. Nilikwenda kupiga pasipoti, nikakaa pale studio karibu saa nzima, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta ya mwenye studio. Dada yule namfahamu tangu alipokuwa akipiga mahafali kwa kamera ya kuazima. Kwenye kioo ameweka picha aliyoipiga mwenyewe usiku, miaka kadhaa iliyopita, akiwa amesimama juu ya mawe ya upande wa Makoko: ziwa jeusi, mbingu nyeusi, na katikati taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mji uliojengwa majini. Nyingi ni nyeupe. Chache ni za njano. Juu ya giza hilo zimekaa folda zake, na majina yanasomeka bila taabu: Harusi, Kipaimara, Pasipoti, Madeni.

Nikamuuliza kwa nini hakuweka pale yule bibi harusi wa Desemba, aliyeshika shela lisichukuliwe na upepo wa ziwa. Picha hiyo ameibandika ukutani, na kila anayeingia husimama mbele yake kwanza kabla hajasema shida yake.

"Ile ni ya kutazamwa, kaka," akasema. "Hii ni ya kufanyia kazi."

Nimetembea na jibu hilo wiki nzima. Kila mpiga picha niliyemkuta, Musoma, Bunda hadi Butiama, nimemwomba anionyeshe kioo chake kabla hajafungua chochote. Simu iliyowekwa Kiswahili huiita picha ya namna hii mandhari, na neno hilo limenipendeza. Mandhari ni kile kinachokuwa mbele ya macho yako unaposimama mahali. Mpiga picha anaishi kwa kuwachagulia watu wengine mahali pa kusimama, na kwenye kioo chake anajichagulia yeye.

*

Taa zile hazipatikani kila usiku. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauwavuti dagaa, basi wavuvi hukaa nchi kavu, nyavu zikazibwa matundu na injini zikafunguliwa. Kazi ni siku za giza. Zamani ilikuwa karabai, na mwanga wake ulikuwa wa njano, wenye joto. Kisha zikaja taa za betri na sola, nyeupe, baridi, zisizo na moshi wala pampu ya kusukuma. Picha ya dada yule imenasa wakati zote mbili zilipokuwa bado majini pamoja, na hilo peke yake lingetosha kuifanya picha ya makumbusho. Yeye hakuwa na nia hiyo. Alitaka tu weusi ambao maandishi meupe yangekaa juu yake.

*

Kuna hesabu ambayo wapiga picha huijua kwa maumivu. Kamera nyingi wanazotumia hupiga picha ya upana 3 kwa kimo 2. Vioo vingi vya siku hizi ni 16 kwa 9. Chukua picha ya nukta 6,000 kwa 4,000, ijaze kioo chote, na kimo chake kitabaki nukta 3,375. Zaidi ya asilimia 15 imekwenda, juu, chini, au kote kuwili. Kijana mmoja wa Mwigobero alinionyesha maana yake kwa picha ya shangazi yake akianika dagaa mchangani. Kwenye kamera, kichwa cha shangazi kilikuwa na nafasi ya kupumua. Kwenye kioo, kilemba kimekatwa katikati, na ule mstari wa vitufe chini ya kioo umemla miguu. Akaiondoa. Sasa ameweka yale mawe makubwa ya ufukweni, ambayo ukiyakata juu yanabaki mawe na ukiyakata chini yanabaki mawe.

*

Pundamilia hafai. Wapiga picha watatu wameniambia hivyo kwa nyakati tofauti, na nimejaribu mwenyewe nikaona ni kweli. Mnyama mzuri kuliko wote kwenye kalenda, lakini maandishi meupe yakipita kwenye mistari yake yanasomeka nusu, na ukitafuta faili unamtafuta kama unavyomtafuta mbu kwenye chandarua.

*

Jumatano, Bunda. Mzee mwenye studio karibu na stendi bado anatumia mashine yake ya zamani kwa kuprinti, na kioo chake bado kina kile kilima cha kijani chenye mbingu ya buluu, ambacho kila aliyeingia intaneti kafe miaka ya 2000 anakikumbuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Karibu, kaa hapo."

Nikamuuliza anadhani kilima kile kiko wapi. "Siku ya kwanza nilipokiona nilisema hii ni Tarime," akanijibu. "Tarime ya juu, mvua ikishakatika."

Nikamsimulia ninachokijua. Kilima kiko California, Marekani. Aliyekipiga ni Charles O'Rear, mtu aliyekuwa amefanyia kazi jarida la National Geographic miaka mingi. Ilikuwa Januari 1996, mvua zimenyesha, naye alikuwa akiendesha gari kwenda kumwona mchumba wake. Kilima kilikuwa kitupu kwa sababu mizabibu iliyokuwepo ilikuwa imeng'olewa baada ya kuvamiwa na filoksera, kidudu kinachoshambulia mizizi. Akasimama kando ya barabara, akaweka kamera ya Mamiya RZ67 kwenye miguu yake mitatu, ndani mna filamu ya Velvia ambayo hukoleza kijani na buluu, akapiga, akaendelea na safari. Microsoft walipoinunua, kampuni za vifurushi hazikukubali kuibeba filamu yenyewe kwa sababu thamani yake ilipita bima yao, ikabidi aipeleke mwenyewe kwa ndege. Oktoba 2001 ikatoka na Windows XP. Leo mizabibu imerudi kwenye kilima, na ukisimama pale hukioni tena kile tulichokuwa tukikiona sisi Bunda.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aulize bei. Akasema: "Alisimamisha gari. Hapo ndipo kazi ilipo."

Akanyamaza, kisha akaendelea. "Mimi nimepita Ndabaka miaka yote hiyo nikiwa ndani ya basi. Nimewaona nyumbu karibu na lami, jua linaanza kulala, vumbi limepanda. Basi halisimami kwa ajili ya picha, mura."

Wakati wa filamu, anasema, alikuwa akikusanya roli hadi zifike za kutosha ndipo azipeleke Mwanza kusafishwa. Safari hiyo ya Mwanza ndiyo iliyompitisha kwenye lango la Ndabaka, kwenda na kurudi, kamera ikiwa mapajani. Ana picha tatu za huko alizozipigia dirishani. Nimeziona. Mbili zimetikisika, ya tatu ina kiwiko cha abiria. Nilizishika kwa heshima, kwa sababu najua kilichokuwa nje ya dirisha lile.

Nikamuuliza mbona basi asikitoe kilima cha watu akaweka hata moja ya hizo. Sababu yake sikuwa nimeifikiria. Kioo chake kinaelekea mezani, mteja anakiona akiwa amesimama. Akiweka bibi harusi wa familia moja, familia nyingine inauliza wa kwao ana kasoro gani. Akiweka mtoto, mama anakuja kuuliza ni nani aliyemruhusu. Kilima hakina jamaa Bunda.

Kwa hilo la ruhusa namuunga mkono kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi kama ilivyo namba yake ya kitambulisho. Wapiga picha wengi bado huona kwamba picha ni yao kwa kuwa waliipiga wao. Kamera ni yao. Sura ni ya mwenyewe. Mzee huyu hakusubiri sheria imfundishe, na ningependa vijana wanaoweka wateja wao kwenye vioo na kwenye simu wapite pale Bunda wamsikilize.

*

Mpiga picha mmoja wa Musoma hana picha yoyote kwenye kioo chake. Ni kijivu kitupu, kama ukuta wa saruji kabla haujapakwa rangi. Kazi yake kubwa ni kurekebisha picha za harusi, zake na za wenzake, na anachopigania siku nzima ni ngozi. Jicho hudanganywa na rangi ya pembeni: ukikaa mbele ya kijani kikali, sura uliyoifungua hapo kati utaiona imekuwa nyekundu kuliko ilivyo, utaipunguza wekundu, na bibi harusi atapokea albamu akiwa amepauka kama mgonjwa. Kijivu hakivuti upande wowote.

Aliponieleza hayo nilikumbuka kadi za Shirley. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakizigawia maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, na fundi alipima rangi zake kwa sura hiyo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu haikuwamo kwenye kipimo. Wengi wetu tunazo nyumbani picha za miaka hiyo ambamo babu amekuwa kivuli chenye meno, na tukadhani mpiga picha hakujua kazi. Kile kioo cha kijivu cha Musoma nimekipenda kuliko vyote nilivyoviona wiki hii. Kijana amejinyima mandhari ili weusi wa mtu mwingine utoke kwa rangi zake zote.

*

Miaka ya 1990 wapiga picha wa Likoni, pale kivukoni Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa: meli, ndege, majengo marefu. Feri ya kweli ilikuwa inapita hatua chache kutoka hapo, na mteja alilipia kusimama mbele ya meli ya rangi. Zamani nilidhani ni kukosa macho. Sasa naona vingine. Aliyevuka na feri kila siku asubuhi na jioni, amebanwa na mikokoteni, haitaki feri hiyo kwenye albamu. Anataka safari ambayo hajaifunga mizigo yake. Kwa hiyo sitamlaumu kijana mwingine wa Musoma niliyemkuta na theluji ya Ulaya kwenye kompyuta yake. Nilimuuliza tu kama amewahi kupiga ziwa likiwa na ukungu. Akasema bado. Nikamwambia awahi, kabla jua halijapanda.

*

Alhamisi, Butiama. Karibu na Mwitongo, anapopumzika Mwalimu, nilikutana na kijana anayepiga picha za wanafunzi wanaokuja kutembelea kaburi na makumbusho. Kompyuta yake ndogo ina picha moja tu ambayo hakuipiga yeye, na hiyo ndiyo ameiweka kwenye kioo. Mwalimu Nyerere, fimbo mkononi, amesimama na wanakijiji watatu kando ya shamba. Ni miaka ile baada ya 1985, alipokwisha kung'atuka akarudi nyumbani. Rangi zimegeuka kahawia. Aliyeipiga hajulikani. Wa pili kutoka kushoto ni babu wa kijana huyu.

Mafaili yote ameyasukuma upande wa kulia, mistari miwili iliyobanana hadi majina yanakatika. Upande wa kushoto wote mtupu.

"Programu mpya ukiiweka inajipanga yenyewe kushoto," akaniambia. "Inakaa juu ya babu. Kwa hiyo nikimaliza tu kuiweka, kazi ya kwanza ni kumtoa usoni."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu yamemkosa."

Kijana alizaliwa baada ya Oktoba 1999. Mwalimu hakumwona, babu hakumwona. Anapofungua kompyuta asubuhi ndipo anapowaamkia.

*

Ijumaa nilirudi Nyasho kuchukua pasipoti zangu. Mbele yangu alikuwa mvuvi wa makamo, koti begani, anataka picha za leseni. Dada alipofunga programu ili aanze kumtafutia nafasi, ziwa likatokea kioo kizima. Yule bwana akainama mezani.

"Hii ni huku kwetu?"

"Ni Makoko, baba. Nilikuwa juu ya mawe."

Akaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Akauliza ni mwaka gani, dada akamtajia. Akarudia kuhesabu kutoka upande wa kisiwa.

"Sisi tulichelewa kuacha karabai," akasema. "Mzee wangu alizikataa hizi za betri, alisema hazina sauti. Karabai inavuma, unaisikia gizani ukajua iko wapi. Usiku tulikuwa tunakaa nje ya wenzetu, kule mwisho." Akasogeza kidole kulia, mahali zilipo taa za njano, kikasimama kwenye folda ya Harusi. "Hapa chini pana taa?"

Dada akaishika ile folda kwa kipanya, akaivuta hadi juu kabisa kwenye weusi wa mbingu. Chini yake palikuwa na nukta mbili za njano, moja kubwa, moja imefifia.

"Hiyo ndogo ilikuwa na tatizo la pampu," akasema mvuvi.

Folda zilizobaki upande ule dada akazivuta moja moja, Kipaimara, Pasipoti, Madeni, akazipanga juu mbinguni, kisha akamwomba akae kwenye kiti, anyooshe shingo, atazame kamera.