Mng'ao wa Rangi Uendane na Kazi ya Ukuta

Wengi wetu tukienda hadiwea kununua rangi ya nyumba, huhangaika na jambo moja tu: iwe ya krimu, samawati au kijani? Ni fundi akishaondoka ndipo mama wa nyumba agunduapo kwamba ukuta wa sebuleni haupanguseki, au kwamba kila kiraka cha plasta sasa chaonekana toka mlangoni. Lawama humwendea fundi. Mara nyingi hana hatia. Kilichokosewa ni mng'ao.

Ndani ya kopo mna unga uletao rangi na gundi inayoushika unga huo ukutani. Gundi ikizidi, rangi hung'aa, hukaza na kustahimili maji ya sabuni. Unga ukizidi, ukuta hutulia machoni na kuficha mabonde, lakini ukiusugua wabaki na madoa. Kwa hivyo msomaji, amua mapema kama wanunua usafi au maficho.

Dari haiguswi na mtu, basi ipake rangi ya maji isiyong'aa. Chumba cha kulala cha wazazi vilevile. Sebuleni na kwenye ujia, hasa kama una watoto ambao penseli haiwatoki mkononi, chukua ile ya mng'ao wa kadiri ambayo wauzaji huiita silki. Jikoni penye mvuke na masizi ya stovu, rangi ya mafuta ndiyo yenyewe.

Umeona kuta za shule na hospitali nyingi zilivyopakwa rangi ya mafuta hadi kifuani na ya maji juu yake? Wako wauitao mtindo huo ushamba. Mimi nausifu: mikono michafu haifiki juu, na rangi ya bei ghali haipotei bure.

Ila rangi ya mafuta isiwahi plasta mbichi. Saruji mpya ina ukali ugeuzao mafuta kuwa kama sabuni, na rangi hulainika na kubambuka. Ngoja kama mwezi mmoja. Na ukuta unaovuta maji kutoka ardhini usiufunike kwa mng'ao, utatoka malengelenge. Tibu maji kwanza.

Sasa jambo ambalo hakuna kulifanyia mzaha. Rangi ya maji ikipakwa juu ya ile ya mafuta bila ukuta kupigwa msasa hutoka kama ganda la ndizi, kwa hiyo fundi atataka kukwaruza. Rangi nyingi za zamani za mafuta zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto hudhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini, na linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila milioni.

Basi fundi atumie msasa wa maji, ukuta ukiwa umeloa. Watoto, pamoja na mama mjamzito, wahamie kwa jirani siku hiyo, na matandiko yatolewe nje. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, usifagie kukavu. Kopo jipya nalo lisome kabla hujalipa. Kama haliandikwi kwamba rangi haina risasi, mrudishie mwenye duka uombe jingine.