GODORO: TUNAUZIWA INCHI, TUNALALIA KILO



Leo tuweke siasa pembeni kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona siasa yenyewe imo humo humo. Nataka tuongelee godoro. Ndiyo, godoro! Kwa sisi vijana tunaoanza maisha hapa Dar, ukishamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita au mwaka mzima, kitu cha kwanza kinachofuata ni pa kulala, na hapo mfuko umeshatoboka. Unaingia dukani umechoka, unaambiwa "hili inchi nane bosi, lile inchi sita." Unachukua lenye inchi nyingi, unalipakia kwenye bajaji, unaondoka ukijiona mjanja. Baada ya miezi kadhaa katikati pamekuwa bonde. Mgongo unauma, unasingizia kazi, unasingizia malaria. Kumbe tatizo ni hesabu.

Hoja yangu ni moja tu: inchi peke yake haikuambii umenunua nini. Kinachobeba mwili wako ni sponji, na sponji hupimwa kwa kilo zilizomo ndani ya ujazo wake. Mpaka siku tutakapoanza kudai kilo, tutaendelea kununua hewa.

Twende na fizikia ya kidato cha kwanza, ile ambayo wengi tulikariri tu ili kufaulu. Densiti ni uzito gawanya kwa ujazo. Godoro la 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 6 lina futi za ujazo 12 (nne mara sita mara nusu futi). Hizo ni kama mita za ujazo 0.34. Sponji yake ikiwa na kilo 20 kwa kila mita ya ujazo, godoro zima litakuwa na kilo 6.8 hivi. Ikiwa na kilo 25, ni kilo 8.5. Ikiwa na kilo 30, ni kilo 10.2.

Sasa chukua godoro jingine la 4 kwa 6, hili la inchi 8, lakini sponji yake ni ya kilo 15 kwa mita ya ujazo. Piga hesabu. Unapata kilo 6.8. Ileile! Yaani malighafi iliyomo kwenye la inchi 8 ni sawasawa na ya lile la inchi 6, ila imeumuliwa zaidi, kama andazi lililojaa upepo. Tuseme la inchi 6 linauzwa 150,000 na la inchi 8 linauzwa 190,000 (ni mfano tu, bei zinapishana duka na duka). Hiyo elfu arobaini ya juu umelipia hewa. Na ndilo litakalowahi kubonyea, kwa sababu sponji nyepesi ina kuta nyembamba ndani yake.

Nimepita maduka kadhaa Manzese na Buguruni nikiuliza swali moja: hili godoro lina kilo ngapi? Wengi walicheka. Mmoja akaniambia, "Bosi wangu, hili si sembe, godoro halipimwi kilo." Nilicheka naye, lakini njiani nikawaza: mbona sembe ya elfu mbili tunaipima mbele ya mteja, na kitu cha laki na nusu hatukipimi? Kwenye kava nilikuta maandishi makubwa ya "HD" na "Orthopaedic". HD maana yake densiti kubwa. Kubwa kuliko nini? Namba haipo. Ni sawa na mtu kukuuzia gari akakuambia "lina mwendo" halafu akanyamaza.

Tuje kwenye uchumi wake, maana hapa ndipo habari ilipo. Sponji ya magodoro ni poliurethani, plastiki inayoumuliwa kwa kuchanganya kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli. Viwanda vya kuumua na kukata tunavyo hapa nchini, lakini kemikali zenyewe zinaagizwa kutoka nje, na nje wanataka dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600, na wote tunakumbuka kipindi kile wafanyabiashara walivyohangaika kuitafuta benki. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini somo linabaki. Juu yake weka VAT ya asilimia 18 ya Bara.

Malighafi ikipanda namna hiyo, mtengenezaji yeyote duniani ana njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha bei, na mteja ataiona papo hapo atapiga kelele. Ya pili ni kupunguza sponji na kuacha inchi zilezile, na mteja hataona kitu mpaka baada ya miezi. Sisemi fulani kafanya hivi, sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba soko linalouza kwa inchi tu linampa tuzo anayechagua njia ya pili na kumuumiza mwaminifu. Mwaminifu ataonekana ana bei kubwa kwa "inchi zilezile".

Na sisi wa pwani tunaumia mara mbili, kwa sababu ya hali ya hewa. Hewa ya Dar mara nyingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na masika kuanzia Machi hadi Mei ndiyo usiseme. Sponji iliyo kwenye joto na unyevu inabonyea na kubaki imebonyea upesi kuliko iliyo mahali pakavu na baridi. Halafu kuna sisi wenyewe: usiku tunatoka jasho, na jasho hilo linashuka ndani ya godoro. Kama godoro liko sakafuni, mvuke unakutana na saruji ya baridi na kugeuka maji upande wa chini. Nyanyua godoro lako leo uone. Ukikuta madoa meusi, hiyo ni kuvu.

Ukiacha kuvu, kuna wadudu wa vumbi, wale wasioonekana kwa macho. Hawa hawanywi maji, wanafyonza unyevu wa hewani, na hewa yetu ni sikukuu kwao. Kinyesi chao ni moja ya vitu vinavyoamsha pumu na mafua yasiyoisha. Kwa mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, godoro bovu ni suala la afya kabisa. Ukijumlisha na dawa na nauli za hospitali, lile la bei rahisi limekuwa ghali.

Bibi zetu wa pwani walilijua hili bila fizikia. Kitanda cha kamba, hewa inapita chini. Juu mkeka au godoro la usufi, na jua likitoka linaanikwa uani na kuchambuliwa. Usufi unapitisha hewa vizuri, tatizo lake ni kugandamana na kutaka kazi ya mara kwa mara. Sisemi turudi huko wote, nyumba zetu hazina hata ua siku hizi. Ila akili ile ya kuacha hewa ipite chini tumeitupa bure.

Basi mwenye hela ndogo na chumba kidogo afanyeje? Haya ndiyo ninayoyashauri.

Kwanza, anza na ukubwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Godoro la 5 kwa 6 linakula 30, karibu theluthi ya chumba. La 4 kwa 6 linakula 24, la tatu na nusu kwa 6 linakula 21. Kama unalala peke yako, shuka ukubwa kisha hela iliyobaki ipeleke kwenye densiti. Godoro dogo zito litakufaa kuliko pana jepesi, na utabakiza nafasi ya kuliacha mbali kidogo na ukuta, maana ukuta nao unatoa unyevu.

Pili, pima. Nenda na ile mizani ndogo ya kuning'iniza, au azima ya muuza nafaka wa jirani na duka. Chukua kilo, zidisha kwa 35, gawanya kwa futi za ujazo. Jibu ndiyo densiti, kwa makadirio. Godoro la futi za ujazo 12 lenye kilo 7: saba mara 35 ni 245, gawanya kwa 12, unapata 20 na kidogo. Kipimo changu mimi: chini ya 20 usilale kila siku, 25 kwenda juu kwa mtu mzima mmoja, karibu na 30 kwa wawili au mwenye mwili mkubwa. Mizani ikikosekana, nyanyua mawili ya ukubwa na unene uleule, mkono utakuambia.

Tatu, usidanganyike na ugumu. Ugumu na densiti ni vitu viwili. Kuna sponji laini yenye densiti nzuri na ngumu yenye densiti duni. Na kilo nazo zinaweza kuchezewa, kwani unga wa chokaa ukichanganywa kwenye sponji unaongeza uzito bila kuongeza uimara. Kwa hiyo omba kufungua zipu, sugua sponji kwa vidole. Ikitoa unga au kumeguka, aga uondoke. Bonyeza kwa ngumi, hesabu, uone inarudi upesi au inasinzia. Yale yaliyotengenezwa kwa vipande vya sponji vilivyogandishwa ni mazito kwa asili yake, yalinganishe yenyewe kwa yenyewe.

Nne, lipandishe juu. Kitanda chenye chaga, au hata paleti za mbao, mradi hewa ipite chini. Chaga zikiwa mbali mbali sponji inazama katikati yake, nafasi isizidi vidole vinne. Na ile nailoni ya dukani jamani itoeni! Najua mnaogopa lisichafuke, ila mnafungia jasho ndani. Asubuhi usitandike haraka, liache lipumue. Ukilianika juani liwe na kava lake, kwa sababu jua kali likipiga sponji tupu linaifanya njano na kuimeguamegua.

Tano, la mitumba liache. Kunguni hawana risiti. Na kwa jipya, dai risiti ya EFD na soma masharti ya dhamana kabla ya kulipa.

Najua atakayesema mwenye njaa hachagui, anayepata laki kwa shida hawezi kuanza kupima densiti. Namwelewa, nami niko humo humo. Lakini tuangalie kwa usiku mmoja mmoja. Tuseme godoro la 150,000 limedumu miaka miwili: ni kama shilingi 205 kwa usiku. La 220,000 likidumu miaka mitano: ni kama shilingi 120 kwa usiku. Maskini ndiye analipa zaidi, tena analala vibaya.

Na hapa ndipo siasa inapoingia. Kwenye gesi ya kupikia tumeshalijua somo hili. Mtungi hauonyeshi kilichomo ndani, hivyo kilo 6 zinaandikwa 6, na muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani. Kwenye lumbesa, Wakala wa Vipimo wanamtetea mkulima asizidishiwe gunia kwa macho. Godoro ni mtungi uleule: huoni ndani. TBS wapo na alama yao ya ubora, Tume ya Ushindani ipo na sheria ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kinachohitajika ni jambo dogo la lebo: kila godoro liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, densiti yake na kilo zake, pembeni ya inchi. Kiwanda kinachouza kitu safi hakitapoteza chochote, kitapata wateja.

Dar peke yake sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Karibu kila mmoja wao analala juu ya kitu usiku wa leo. Hakuna mbunge aliyewahi kukosa kura kwa sababu ya godoro, labda ndiyo maana hawaliulizi. Basi tuanze sisi.

Ombi langu kwa wadau: mwenye mizani nyumbani apime godoro lake, aandike hapo chini kwenye maoni ukubwa, unene, kilo, bei na limedumu muda gani. Jina la kiwanda au duka usiweke, tusije tukagombana na watu. Zikifika za kutosha nitazipanga zote mahali pamoja, ili kijana wa wiki ijayo anayeingia Manzese na laki yake aende na namba mfukoni.

Naomba kuwasilisha.