Jalada la Krismasi Mkononi mwa Mtoto wa Kiislamu



Kila ifikapo Desemba, wazazi wa Kiislamu waishio Marekani na Uingereza hurejewa na mtihani ule ule. Mtoto huingia nyumbani na kitabu cha katuni, na juu ya jalada lake Batman au Superman amesimama pamoja na yule mzee wa ndevu nyeupe na joho jekundu. Baba hutupa jicho, akasema: "Ni picha tu." Wengine hukurupukia upande wa pili, wakadai kuwa kanisa limekuja kuwabatiza watoto wetu kwa wino wa rangi. Kauli zote mbili ni za watu wasiolisoma jalada lenyewe.

Basi na tulisome. Mwaka 1940 kilitolewa kijitabu cha Krismasi cha Superman, kikagawiwa bure na maduka makubwa ya Marekani. Aliyekigawa hakuwa padri, bali mwenye duka, aliyetaka mzazi aingie na mkoba wake. Waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa wana wa wahamiaji wa Kiyahudi. Hawakuwa na Krismasi ya kuihubiri. Kisha litazame jalada la Action Comics namba 105, ambapo Superman anamsaidia Baba Krismasi kwenye bomba la moshi. Limeandikwa Februari 1947! Desturi ya biashara ile ilikuwa kutanguliza tarehe, ili bidhaa isionekane imechakaa mezani. Hata mwezi wenyewe ulikuwa hila ya muuzaji.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: ni nani asiyeonekana katika jalada hilo? Ni yule inayedaiwa kuwa siku ni yake. Nabii Isa (a.s.) hayumo, wala mama yake hayumo. Sisi tuisomao Surat Maryam tunajua kuwa uchungu ulimfikia Bibi Maryam penye shina la mtende. Hapa kuna msonobari wenye vigololi vya kioo, na chini yake maboksi yaliyofungwa utepe. Na mambo hayajatulia. Desemba 2023 walitoa Batman/Santa Claus: Silent Knight, jina linalochezea wimbo maarufu wa kanisani wa usiku wa kuzaliwa, na ndani yake mzee wa zawadi amegeuzwa mpiganaji. Hapana shaka, Mkristo anayeiheshimu dini yake ana haki ya kukasirika kabla yetu.

Wako waliotafuta dawa kwa kubuni mashujaa wetu. Mwaka 2006 Naif Al-Mutawa wa Kuwait alianza kutoa The 99, aliyoyajenga mashujaa wake juu ya Majina ya Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wa Saudia wakamkemea vikali. Mimi naona aliyabadili mavazi tu, akaiacha meza ya muuzaji pale pale.

Kwani jalada lile halimfundishi mtoto kumwabudu Superman. Linamfundisha kuwa sikukuu ni kupokea, na kwamba mapenzi ya baba hupimwa kwa boksi. Nanyi mlioko Dar es Salaam na Mombasa msiwacheke wa ughaibuni. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya Isha, nendeni Kariakoo mkawahesabu akina baba waliobeba viatu vya Idi, kisha mrudi msikitini mzihesabu safu.