Kabla ya Kutaja Tarehe, Tutaje Hela

Boom likishaingia tu, hapa chuoni hutokea jambo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote. Kundi la WhatsApp lililokuwa limelala wiki tatu linaamka. Mtu anaandika, "Wadau, Jumamosi Kariakoo?" Zinafuata dole gumba sita, kikatuni cha mtu anayecheza, na ubishi wa nani atakaa dirishani kwenye treni. Nusu saa haiishi, safari imeshapangwa: siku, saa ya kuondoka, hadi rangi ya nguo za kupigia picha stesheni. Kitu kimoja tu ndicho hakijatajwa, nacho ni hela.

Naandika haya kwa sababu kwenye kundi letu, anayetuma ule ujumbe wa kwanza huwa ni mimi. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya kwenda field, niliutuma kama kawaida. Tulikuwa wanne tunaolala chumba kimoja, wote ualimu, wote tunahitaji sketi za heshima, blauzi na viatu vyeusi vya kusimamia mbele ya darasa. Wawili walijibu palepale. Wa tatu, yule anayelala juu yangu kwenye dabo deka, aliandika, "Nitaona." Nikamjibu kwa emoji tatu za kucheka na maneno haya: "Acha ubahili wewe, treni ni elfu kumi na tatu tu."

Hiyo "tu" ndiyo imenifanya niandike makala hii.

Tuhesabu pamoja, maana sisi ni wasomi. Nauli ya treni ya SGR ya kawaida kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Boda ya kutoka chuo hadi stesheni ya Kihonda na ya kurudi usiku, weka 6,000. Wali na maji ya mchana mjini, weka 5,000. Weka na 3,000 ya dharura, kwa sababu Dar haikosi dharura. Jumla 40,000, na bado hujagusa hata soksi.

Kwa mwenye mkopo wa Bodi, ambaye hela yake ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, hizo ni siku nne za kuishi. Kwa asiye na mkopo, ambaye ada yenyewe inaungwaungwa na wajomba watatu, inaweza kuwa ni wiki mbili. Tunalala chumba kimoja, tunakopeshana chumvi na chaja, lakini boom likiingia halituingilii wote. Mwenzangu wa kitanda cha juu hana mkopo. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza, nikaandika "tu".

Alikuja. Jumamosi alfajiri alikuwa wa kwanza kuvaa. Kwenye treni alicheka kuliko sisi sote, na picha nzuri kuliko zote siku ile ni yake. Chini ya saa mbili tukawa Dar, tukatembea kwa miguu hadi Kariakoo.

Kama hujafika, Kariakoo haina sehemu ya kusimama ukafikiri. Ukisimama tu Mtaa wa Kongo, winga ameshakushika mkono: "Dada, njoo uone, kuangalia bure." Huyo si mwenye duka. Anakupeleka kwenye duka la mtu, na chake kinatoka kwenye bei utakayotajiwa. Ukitajiwa 25,000 ukasema 12,000, hajakasirika mtu, ndiyo mazungumzo yanaanza. Sisi watatu tulizungumza kwelikweli. Yeye kila duka alikuwa anasema, "Naangalia tu kwanza." Wanasema jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Jioni tulirudi stesheni na sisi tumekuwa wabeba mizigo, watatu kati yetu. Yeye alikuwa na mfuko mmoja wenye viatu vyeusi. Tukamtania njia nzima kwamba amekwenda Dar kutalii.

Wiki ya kwanza ya field, nikiwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari, uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Ulisema mtu fulani, kwa majina yake yote matatu, anadaiwa na hataki kulipa, nami nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Alikuwa yeye. Alikopa 60,000 kwenye programu ya simu, zile tunazoziita kausha damu, na programu ilipopewa ruhusa ikachukua namba zote zilizomo kwenye simu yake. Ujumbe ule haukuja kwangu peke yangu. Ulimfikia mjomba wake mmoja, mwenyekiti wa darasa letu, na mama wa duka anayetuuzia vocha hapa getini. Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2024 ilizipiga marufuku nyingi za programu za namna hiyo kwa kukosa leseni, lakini mtu mwenye haja hasomi leseni.

Nilimpigia. Hakupokea siku mbili. Alipopokea, kitu cha kwanza alichosema ni "samahani". Yeye ndiye aliyeniomba samahani mimi.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Amesema niandike ila nisimtaje jina, na niongeze kwamba viatu bado anavyo na havijachanika.

Sasa hoja yangu. Sisemi watu wasiende Kariakoo. Nasema safari ya pamoja ianze na hela, halafu ndiyo ije tarehe. Mpango wa kundi ujengwe juu ya uwezo wa yule mwenye kidogo kuliko wote, na kama hilo haliwezekani, basi wanaoweza waende bila kuiita safari ya kundi. Tarehe ikishatajwa na dole gumba zikishapangwa, anayesema "sina" anaonekana ameivunja safari ya watu. Ndiyo maana hasemi. Anasema "nitaona", anasema "ngoja niwajibu", anasema ana malaria. Tunaosoma ualimu tunafundishwa kumsoma mwanafunzi ambaye hanyooshi mkono. Tunashindwaje kumsoma mtu tunayelala naye chumba kimoja?

Najua mtakachonijibu. Cha kwanza: mfuko wa mtu ni siri yake, kuulizana hela ni kudhalilishana. Kweli, na mimi nyumbani nimelelewa hivyo. Lakini hakuna anayeulizwa ana shilingi ngapi kwenye simu yake. Anayeulizwa, anaulizwa mwisho wake kwa safari hii ni ngapi, nauli na manunuzi pamoja. Hata mwenye laki tano anaweza kusema mwisho wangu ni 50,000, asionekane bahili wala maskini. Na kama kusema mbele za watu ni kugumu, kila mmoja amtumie pembeni mtu mmoja anayeaminika, naye atangaze namba ndogo kuliko zote bila kusema ni ya nani.

Cha pili: Kariakoo vitu ni bei chee, kwa hiyo hata asiye na hela anaokoa. Hapo ndipo hesabu inapotusuta. Blauzi niliyoiona hapa mjini kwa 15,000, kule niliipata kwa 10,000. Nimeokoa 5,000. Ili nirudishe ile 40,000 ya njia inabidi ninunue nguo nane za namna hiyo. Sikununua nane, nilinunua nne. Maana yake niliyekula hasara ya 20,000 ni mimi niliyekuwa namcheka mwenzangu. Mwenye haja ya vitu viwili vitatu, mitumba ya hapahapa Moro na fundi cherehani wa kupunguza kiuno vinamtosha.

Cha tatu, na hiki nakiheshimu: safari siyo manunuzi tu. Wapo kati yetu waliokuja chuo kutoka mbali na hawajawahi kuliona Jiji. Kucheka kwenye treni, kuona ghorofa, kula ubwabwa Kariakoo huku umebana mkoba kwapani kwa kuogopa vibaka, hayo nayo ni maisha ya chuo, na ukimaliza hayarudi. Nakubali. Basi tuyaite matembezi, tuyawekee hela ya matembezi, na tusimdanganye mtu kwamba anakwenda kuokoa.

Muhula huu tumejaribu. Safari hii tulikuwa wanane wa korido moja, kila mtu akatuma mwisho wake kwa mmoja wetu ambaye hata mchezo wetu wa kila mwezi yeye ndiye mshika daftari. Namba ndogo ikatangazwa: 30,000. Ukimya ulikuwa mrefu kwenye kundi, kwa sababu kwa namba hiyo hakuna safari ya watu wanane. Mwishowe tukakubaliana waende wawili, gharama yao ya njia, 80,000, tuigawane wote, 10,000 kila mmoja. Wakabeba orodha, vipimo vya viuno na mabega, na picha za vitu.

Kwa kuwa walikuwa wananunua kwa mkupuo, waliuziwa blauzi bei ya jumla, 8,000. Yule wa 30,000, ambaye mpaka leo simjui, kama aliagiza blauzi mbili basi alibakiwa na 4,000. Angezinunua hapa mjini kwa 15,000 kila moja, asingebakiwa na kitu. Faida ni ndogo, sitaikuza. Na hatukukosa kesi. Mmoja aliletewa sketi ya rangi ya ugoro wakati aliagiza kahawia, na ubishi wake ulichukua siku mbili hadi aliyeileta akakubali kuichukua mwenyewe. Pia kuna waliosema wazi kwamba wamenyimwa raha ya treni. Lakini safari hii sikupata ujumbe wowote kutoka namba nisiyoijua.

Niwaambie kwa nini jambo hili ni kubwa kwangu kuliko sketi. Kule field, shule niliyopangiwa iliandaa ziara ya Mikumi kwa kidato cha pili. Mwalimu alitangaza mchango mstarini, akasema wanaokwenda wanyooshe mikono. Darasani kwangu walinyoosha wengi. Watatu hawakunyoosha, na siku ya ziara hao watatu hawakufika shule kabisa. Kesho yake mmoja akasema tumbo lilimuuma, mmoja akasema mama yake alikuwa mgonjwa, wa tatu akasema yeye hapendi wanyama. Mwaka mmoja nyuma ningemwamini huyo wa tatu. Ningeandika kwenye daftari langu kwamba hana mwamko. Lakini nilikuwa nimeshasikia "naangalia tu kwanza" duka baada ya duka, nikaitambua sauti.

Sikuwa na hela ya kuwalipia, na mwalimu wa field hana sauti ya kubadili utaratibu wa shule. Nilichoweza ni kidogo. Kipindi kilichofuata cha Jiografia, waliorudi walisimulia walichokiona, na wale watatu niliwapa kazi ya kuchora ramani ya safari na kuwauliza wenzao maswali. Yule asiyependa wanyama aliuliza maswali tisa, na sita yalikuwa ya tembo.

Mwakani tutakuwa tumesambaa mashuleni, sisi ndio tutakaosimama mstarini kutangaza michango. Utaratibu wa kuuliza uwezo wa mtu bila kumvua nguo mbele za wenzake hatutajifunza huko. Tunajifunza hapahapa, kwenye makundi yetu ya WhatsApp.

Boom la pili liko karibu. Kuna mtu kwenye kundi lako ameshaanza kuandika "Jumamosi Kariakoo?" Kabla hujaweka dole gumba, muulize: tunaanzia bei gani? Na kama kuna aliyeandika "nitaona", mfuate chumbani kwake, usimjibu kwa emoji.